Mama Zilpa na Wimbo Tuliokuwa Tukiukata

Bi. Zilpa Akello Olima, msomaji wa matangazo ya vifo wa Redio Upeo, Nyamisangura, amestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2024 baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Ametimiza miaka sitini, meno yake yote yapo, na hadi siku ya mwisho alikuwa akipanda ngazi za studio bila kushika ukuta. Anayedhani anaondoka kwa sababu amechoka, hamjui.

Wengi mtakaoshika ratiba hii ya sherehe mnamfahamu kwa sauti kuliko kwa sura, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Kila siku saa saba mchana kinanda kilianza kulia redioni, kikalia kwa dakika mbili, kisha kikashushwa taratibu, na Mama Zilpa akasema kwamba Redio Upeo inasikitika kutangaza. Kuanzia Sirari hadi Kisaka watu waliacha kutafuna. Na mwenye sauti hiyo ni mama mcheshi, mpenda utani, anayeweza kumchekesha hata askari wa usalama barabarani. Lakini sokoni akimsalimia mtu kutoka nyuma, nyanya zinamwagika. Akipiga simu, upande wa pili wanaanza kulia hata hujambo haijatoka. Ikabidi ajitungie salamu yake mwenyewe, ambayo sisi wote tunaijua: "Ni mimi Zilpa, hakuna msiba." Mimi niliyehamia hapa kutoka Bukoba, siku ya kwanza aliponipigia kuniuliza kama nitakula makande, nilitafuta kiti kwanza.

Alijitania hivyo mbele za watu, lakini lilimuuma. Alitaka, kabla hajaondoka, watu wa Tarime na Serengeti wamsikie walau mara moja bila kushika kichwa. Nalitaja mapema kwa sababu mengine yote katika wasifu huu yanaelekea huko.

Alianza kazi mwaka 2003 akiwa mapokezi. Redio ilikuwa changa, vifaa vyake vikiwa vimetoka kwenye kambi ya Waitaliano waliokuwa wakichimba visima upande wa Kisaka. Mradi wao ulipoisha walituachia jenereta, mashine ya kuchezea santuri, na boksi la santuri za fundi mmoja aliyeitwa Renzo, ambaye hakutaka kurudi nazo kwao. Msomaji wa kwanza wa matangazo ya vifo aliacha kazi baada ya wiki chache akisema anaota majeneza. Mama Zilpa akaombwa ashike nafasi hiyo kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mtu huyo hatujampata hadi leo.

Kazi aliifanya kwa namna yake. Yeye ni Mjaluo wa upande wa Rorya, ameolewa Tarime, Kikurya anakisema mpaka na methali zake, na majina ya Waikoma na Wanata hakuyavunja hata mara moja. Kwake kumtaja marehemu kwa jina lililokosewa ilikuwa ni kumzika mara mbili. Jamaa walioko Migori na Isebania aliwasoma kwa mpangilio wao, wakubwa kwanza. Halafu akaweka utaratibu ambao tunaufuata hadi sasa: hakuna tangazo linalosomwa kabla hajapiga simu kijijini kuhakikisha. Tuliona anajisumbua, hadi siku alipoletewa tangazo na ndugu wawili waliogombania shamba na kaka yao. Akapiga simu, na marehemu mwenyewe akapokea.

Sasa nije kwenye ule wimbo. Kati ya santuri za Renzo kulikuwa na moja yenye picha ya nyumba ya mashine ya kusaga iliyoinama upande, kama iliyojengwa na fundi aliyelipwa kabla ya kazi. Wapigaji waliitwa Il Mulino Storto, jina ambalo hakuna aliyelijua, nasi tukaiita santuri ya mashine. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo mmoja tu, mrefu wa kujaza upande mzima. Ulianza na kinanda cha huzuni kama cha kanisani, na mkurugenzi wa wakati ule akasema huo ndio wa vifo. Dakika mbili za mwanzo zilitosha. Kilichofuata baada ya hapo hakuna aliyekisikia, kwa sababu sauti ilishushwa na msomaji akaanza.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyekaa siku moja akausikiliza wote. Ninyi mnaouliza hamjafanya kazi Redio Upeo. Kulikuwa na mwiko. Wimbo ule haukuwekwa bila jina la marehemu mezani, hata kwa kujaribu mitambo, kwani ukiuweka bure unamwita mtu. Hakuna aliyeuandika mwiko huo na wote tuliutii, wenye shahada tukiwa mstari wa mbele. Siku chache ambazo tangazo halikuja, Mama Zilpa alisema kwa furaha kwamba leo hakuna, na kinanda hakikulia. Kompyuta zilipokuja, Godwin, fundi wetu wa mitambo, aliingiza zile dakika mbili tu, na santuri ikarudi kwenye jalada lake.

Mwaka 2014 Mama Zilpa alimsoma mume wake, Mzee Jackson Olima. Tulimsihi amwachie mwingine. Alikataa, akanitazama mimi, akasema hataki jina la mume wake liharibiwe na Mhaya. Kinanda kikalia, akakishusha mwenyewe, akasoma kwa sauti ileile, akataja watoto na ndugu wote bila kumruka hata mmoja. Alipotoka studio tulimshika mikono, maana hakuwa anaona mlango. Kesho yake watu walisema amesoma vizuri.

Mwaka 2019, msimu wa mvua, radi ikapiga mlingoti. Anayeijua radi ya Tarime hashangai. Kompyuta zikafa, tukarudi kwenye santuri. Siku hiyo alikuwa akisomwa Mzee Nyangwine wa Kerende, mtu mkubwa, mwenye wajukuu pande zote mbili za mpaka. Mama Zilpa akaweka sindano, kinanda kikalia, akavuta swichi ya kushusha sauti, na swichi ikagoma. Akaanza kusoma hivyo hivyo, akidhani kinanda kitaendelea kulia polepole chini ya sauti yake. Alipofika kwa wakwe wa marehemu, kinanda kikanyamaza, ngoma zikaingia. Si ngoma za kubembeleza. Zikafuata gitaa, filimbi, na sauti za watu wengi wakiimba kwa shangwe kana kwamba wamepokea mahari. Mama Zilpa alimaliza wakwe wote, akataja saa ya mazishi, kisha akabaki na hedifoni kichwani, anasikiliza. Godwin alipokuja kuchomoa waya alimkuta anapigapiga meza kwa vidole.

Simu ziliita hadi jioni. Wazee wa ukoo walifika ofisini kutuuliza ni nani amechezea msiba wao, na uongozi ukaomba radhi hewani. Kuanzia hapo amri ilikuwa moja: zile dakika mbili, basi.

Lakini Mama Zilpa alikuwa ameshasikia. Yawa, jamani, alituambia, kumbe miaka yote tunamkata mtu katikati ya neno. Akaingia stoo kulitafuta boksi la Renzo. Nyuma ya vipande vya mlingoti wa zamani akakuta albamu mbili zaidi za watu walewale, zimefungwa kwenye gunia. Moja ilikuwa na picha ya mbuzi aliyevaa koti, na mkurugenzi wa kwanza aliificha akiamini ni mambo ya kishetani. Ya pili haikuwa na jalada kabisa. Zilikaa humo miaka kumi na sita bila kuguswa na sindano yetu, na zote hazikuwa na mkwaruzo.

Albamu hizo alizisikiliza wakati wa chakula cha mchana, mlango umefungwa, sisi tukinong'ona koridoni. Mwiko ulihusu ule wimbo mmoja, kwa hiyo hatukuwa na la kumkataza. Muziki wenyewe ni wa miaka ya sabini, roki ya Kiitaliano, na una tabia ya ajabu: wimbo unaanza na zeze, unapita kwenye radi, unarudi kwenye filimbi, na bado haujaisha. Mimi binafsi ulinichosha mwanzoni. Wiki ya tatu nikajikuta nautafuta kwa mdomo nikiwa bafuni. Godwin alipekua mtandaoni akapata ukurasa mmoja tu wa wapenzi wa santuri za zamani. Albamu mbili waliziorodhesha, na ya tatu waliandika kwamba inasemekana ilirekodiwa. Inasemekana, wakati Mama Zilpa anaifutia vumbi kwa kanga.

Aliyetufungulia maneno ni Sista Eugenia, muuguzi aliyesoma Italia, ambaye alikuja kutangaza siku ya chanjo na akakamatwa kwa chai. Alisoma maandishi ya jalada la mashine, akatuambia wimbo ule mrefu unahusu msaga unga aliyefariki. Kinanda ni kijiji kinaomboleza na mashine imezimwa. Ngoma ni siku ya kuanua tanga: mashine inawashwa tena, watu wanasaga, kwa sababu waliobaki lazima wale. Tukatazamana. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa amechagua sawasawa kabisa, ila sisi tulikuwa tunawaacha watu kwenye matanga kila siku saa saba na kurudi kwenye habari za bei ya mahindi.

Kila mwaka tangu hapo Mama Zilpa aliomba wimbo upigwe hadi mwisho mara moja. Kila mwaka alijibiwa kwa heshima kwamba hapana. Kisa cha Kerende kilikumbushwa, mwiko ulitajwa, na urefu ukawa sababu ya tatu. Hakununa, ila mwaka uliofuata aliomba tena. Mwaka huu mkurugenzi wetu, Bi. Vivian Ochieng, alimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, akitarajia kusikia kabati au mbuzi. Mama Zilpa akasema anataka nusu saa. Bi. Vivian alifikiri siku mbili, akakubali kwa sharti moja: upigwe baada ya matangazo ya siku, ili majina yawepo mezani na mwiko usivunjwe.

Ijumaa tarehe 28 Juni ikafika, zamu yake ya mwisho. Saa nne hakuna tangazo. Saa sita hakuna. Mlinzi alitumwa getini kuangalia kama kuna mtu anaogopa kuingia. Sijawahi kuona ofisi nzima inahuzunika kwa sababu hakuna aliyefariki, na nilimwomba Mungu msamaha kwa niaba ya wote. Saa saba kasoro Bi. Vivian aliingia studio, akamshika bega, akamwambia mama pole, nafikiri haiwezekani tena, hatuna jina.

Mama Zilpa alikuwa ameshavaa hedifoni. Akazivua.

"Majina tunayo," akasema. "Wote niliowasoma tuliwakatia njiani, hata Olima wangu. Wekeni mpaka mwisho, ni wao."

Bi. Vivian mwenyewe ndiye aliyeweka sindano.

Mama Zilpa akafungua kipaza sauti, akasema kwamba leo Redio Upeo haina tangazo la kifo, na kwamba huu ni wimbo wa wale wote tuliowahi kuwatangaza, tuliowaacha kwenye matanga, na sasa tanga linaanuliwa. Kinanda kikalia. Zilipofika dakika mbili, mkono wake ulikwenda kwenye swichi kwa mazoea, akaurudisha mapajani. Ngoma zikaingia. Alilia, na alicheka, na vyote vilisikika kwa sababu alisahau kuzima kipaza sauti. Godwin alikiona kikiwaka akakiacha.

Simu ya kwanza iliita kabla wimbo haujaisha. Namba ilikuwa ya Kerende, na tulitegeana kuipokea. Alikuwa ni mjane wa Mzee Nyangwine. Alisema anaijua ngoma hiyo, ndiyo iliyotoroka siku ya mzee wake, na kwamba radhi tulizoomba wakati ule zilidaiwa na wanaume, yeye hakuulizwa. "Nilitaka tu kujua wimbo uliishia wapi," akasema. Kisha akaomba tusiongee, amalizie kusikiliza.

Albamu zote tatu sasa ziko kwenye kompyuta, nzima nzima, na Jumapili alasiri zina kipindi chake. Ile ya mbuzi inaombwa sana na vijana wa bodaboda. Saa saba tangazo likisomwa kinanda bado kinatangulia, na mwisho wa matangazo ngoma zinaruhusiwa kuingia.

Mama Zilpa, kwa majina uliyoyatamka sawasawa, kwa simu ulizopiga ili tusizike walio hai, kwa makande, na kwa kutuvumilia wenye mwiko wetu, Redio Upeo inakushukuru. Kakae vizuri na wajukuu, lima kidogo, lala mchana, na Mungu akuzidishie siku. Ukitukumbuka, tupigie. Na safari hii sema hujambo tu, tutapokea tumesimama.

Venant Method
Chumba cha Habari, Redio Upeo