Jina la Mara Nililojivika

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye nguvu ya kuimba, asifiwe na sisi ambao leo tumekuja kukaa tu.

Mimi ni Naomi, wa Marereni. Nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Tunakusanya chumvi tangu asubuhi, na mwenye kidonda mguuni hulia kimyakimya. Mume wangu alifariki kwa maradhi, akaniacha na watoto wawili, Karisa na mdogo wake Sidi. Na mnajua kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Tangu nijifungue, aliyebaki kuniita Naomi ni mchungaji peke yake. Nilikuwa Mama Karisa, na jina hilo nililipenda kuliko nguo zangu zote.

Karisa alikufa kwa ajali ya pikipiki, akitoka Gongoni kuja nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ndugu zangu, baada ya mazishi watu hawakujua waniite nani. Wanawake wa kazini wakianza, "Mama Ka...", kisha wanameza, wanasema "mwenzetu". Kila walipomeza, nilimzika mwanangu upya. Jumapili moja nikasimama kanisani nikawakumbusha watu habari za Naomi wa kwenye Biblia, aliyerudi Bethlehemu hana mume wala wana. Jina lake kwa Kiebrania ni la kupendeza, la furaha. Akalikataa, akataka aitwe Mara, yaani uchungu. Nikasema, na mimi kuanzia leo niiteni Mara. Mchungaji alinisihi nikae. Sikukaa. Mimi ni mkaidi, hilo sitalificha.

Wakaniita Mara, wengine kwa huruma, wengine kwa kuuogopa ulimi wangu. Nikalizoea. Wenye harusi hawakunialika, nikaona sawa tu, Mara aende harusini kufanya nini? Nikaacha kuomba. Nyumbani nilipika, nikala, nikalala. Sidi alikuwa na miaka kumi na minne, na aliishi mle ndani kama mpangaji. Sikumpiga, sikumtukana. Sikumwona tu. Mungu anisamehe!

Kisha Sidi akashikwa na malaria, ikampanda kichwani. Nikampeleka hospitali Malindi. Wakamwingiza ndani, nami nikaketi kwenye benchi pamoja na wengine. Muuguzi akatoka akaita, "Mama Sidi!" Akaita tena. Nikaangalia huku na huku nimwone huyo mama asiyeitika na mwanawe ni mgonjwa. Nikamlaumu moyoni! Mwanamke mmoja wa buibui aliyeketi kando yangu akanigusa goti.

"Dada, yule msichana uliyekuja naye si ulimwandikisha kwa jina la Sidi? Basi waitwa wewe."

Ndugu zangu, niliinuka nikamfuata muuguzi. Miaka yote hiyo nilikuwa mama yake, na sikulijua jina hilo kuwa langu! Muuguzi aliniambia damu ya mtoto imepungua sana, niwe tayari kwa lolote. Nilipiga magoti palepale sakafuni, mbele za watu. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, Bwana, huyu usimchukue, sijamjua bado.

Alilala siku nyingi. Alipopata nguvu ya kushika kitabu, aliomba Biblia yangu, akasoma kitabu cha Ruthu chote. Kisha akanitazama.

"Mama, wewe uliishia sura ya kwanza."

"Kwani kuna nini?"

"Alisema aitwe Mara, lakini hakuna aliyemwita. Angalia mwenyewe. Ni Naomi, Naomi, mpaka mwisho."

Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kweli! Mwandishi amemwacha aseme uchungu wake wote, hakumkemea, kisha akaendelea kumwita Naomi. Na mwishoni, alipompakata mtoto wa Ruthu mkwewe, majirani zake walimtaja kwa jina lilelile. Mungu alikisikia kilio chake, lakini lile jina la uchungu hakulipokea. Nililia mpaka Sidi akanifuta uso kwa leso yangu.

Sitawadanganya, wapendwa. Karisa hajarudi. Kitanda chake bado kipo na sijaweza kukitoa. Jana tu nimelia. Sidi amepona, ameketi pale nyuma, na bado ana hasira na mimi, na ni haki yake. Lakini nimefunguliwa! Namshukuru Mungu aliyemwacha mtoto huyu hai, na mimi nikiwa sistahili.

Nawe uliyejipa jina kwa sababu ya msiba wako, mweleze Mungu uchungu wako wote, hachoki kusikia. Kisha mtumaini, umwachie yeye akuite atakavyo. Nanyi nawaomba jambo moja. Tukitoka hapa msiniite Mara tena. Niiteni Mama Sidi, na mniite kwa sauti, ili Sidi mwenyewe asikie nikiitika.