Mzee Ubavu na Bango la Ngazi Sita

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, afisa elimu ya afya ambaye nusu ya idara hii inamjua kwa jina la Mzee Ubavu tu atarudisha ufunguo wa chumba cha mwisho wa korido na kustaafu. Kamati ya maandalizi imenipa kurasa mbili za kijarida na maagizo mawili: niandike ya kuchangamsha, na nisiguse habari za lile bango. Mwenyewe naye amenisisitizia hivyo hivyo. Agizo la kwanza nitajitahidi. La pili limenishinda, kwa sababu ndani ya faili lake kuna kosa ambalo si lake, na sitaki aende nalo nyumbani.

Alianza kazi akiwa mpuliza dawa ya mbu, na pampu mgongoni. Baadaye akapelekwa masomoni, akarudi na cheti, akafundisha watu kunawa mikono na kuchimba vyoo kwa miaka minane. Kitengo cha kuzuia ulevi wa vijana alipewa kwa sababu kila mwingine aliyepewa alipata udhuru. Akapewa na ofisi: iliyokuwa stoo ya chanjo, yenye friji moja mbovu ambayo hakuna aliyetaka kuibeba. Aliigeuza kabati. Mgeni akiulizia faili lake huambiwa limo kwenye friji, rafu ya chini, na wapo waliodhani wanataniwa wakaondoka wamenuna.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: vijana wa vyuo vyetu wengi hawanywi kila siku. Hukaa na soda wiki nzima, kisha siku mitihani inapokwisha hunywa pombe kali ya vichupa kwa mkupuo, wakishindana, mpaka mwili uzime. Aliyezima hubebwa, akalazwa chali kitandani, wenzake wakasema mwache alale itamtoka. Akitapika akiwa chali, matapishi yanamziba koo. Tumezika watoto waliokufa hivyo, chumba kizima cha marafiki kikiwasikia wakikoroma.

Ndiyo maana somo lake lilikuwa moja: asiyeamka mlaze ubavu, usimwache peke yake, ita msaada. Alilifundisha kwa mwili wake. Alikuwa akijilaza sakafuni mbele ya wanafunzi mia nne, tai shingoni, kitambi kikielekea darini, halafu anaita wawili wambiringishe. Chuo kimoja alibiringishwa na wasichana wa timu ya mpira wa wavu kwa nguvu mpaka akaishia chini ya meza ya mkuu wa chuo. Chuo kingine, baada ya wiki ya safari, alilazwa ubavu akapitiwa na usingizi kweli. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari kwamba mgonjwa atakoroma kwa dakika kumi.

Hayo ndiyo ya kuchangamsha. Sasa niseme la bango.

Miaka kumi na minne iliyopita idara ilipata fedha za kuchapisha bango la kubandika mabwenini. Mzee alitaka karatasi yenye yale maneno yake tu, kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko kwenye majaribio, kichwa kimejaa mafunzo. Nikamwambia vijana hawasomi maneno matupu. Nikachora ngazi inayopanda, vipandio sita, kila kimoja na namba na rangi yake: moja kuchangamka, mbili ulimi mzito, tatu kupepesuka, nne kutapika, tano kutojitambua, na juu kabisa, kwa rangi nyekundu, sita, haamki, ita msaada. Namba zilikuwa zangu. Kupanda juu kulikuwa kwangu. Mzee alilitazama kwa muda, akauliza kwa nini hatari tumeiweka kileleni. Nikamjibu kwamba inaonekana vizuri zaidi. Akaweka sahihi kwa kuwa ndiye mkuu wa kitengo, na kwa kuwa hakutaka kunivunja moyo.

Zilichapishwa nakala elfu tatu. Haukupita mwezi, wanafunzi wakawa wanaulizana asubuhi, "Jana umefika ngapi?" Walikuwa wakiandika majina yao kwa kalamu pembeni ya vipandio. Ngazi tuliyoichora ya kuwatisha ilikuwa imegeuka mashindano, na sisi ndio tuliowachapishia.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ufundi umeme, miaka kumi na tisa, aliandikwa kwenye kipandio cha sita Jumamosi moja baada ya mitihani. Wenzake walimpigia makofi. Kisha wakamlaza chali, wakamfunika shuka vizuri, kwa upendo kabisa. Asubuhi mwenzake wa chumbani alimwamsha wakanywe chai, akakuta mguu umekuwa baridi.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye ukumbi wetu mdogo, ule wenye feni inayogongagonga. Mwenyekiti alinyanyua bango, akauliza ni nani aliyebuni ngazi hizi. Nilikuwa safu ya pili. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi saba na barua ya ajira ambayo haijathibitishwa. Kabla sijaamua, Mzee Ubavu alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," akasema.

Alipewa barua ya onyo kali, akavuliwa ukuu wa kitengo, na tangu siku ile hakupanda cheo hata mara moja. Anastaafu na daraja lile lile alilokuwa nalo wakati mtoto wangu akitambaa. Nilimfuata korido, nikamwambia narudi ndani kusema ukweli.

"Binti, sahihi ni yangu," alinijibu. "Wewe una miaka mingi mbele. Kaifanye kazi." Akanikataza kulizungumza tena.

Nikanyamaza. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa woga, wa pili kwa shukrani, na baadaye kwa mazoea tu, na hilo la mazoea ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilipandishwa cheo mara tatu. Mara ya mwisho ni yeye aliyenunua keki.

Yale mabango aliyabandua mwenyewe, bweni kwa bweni, kwa kisu cha kukwangulia rangi. Halafu akaenda kwa mama wa marehemu. Ni fundi cherehani, anafanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alimweleza kwamba karatasi ile ilitoka ofisini kwake na kwamba aliyeibuni ni yeye. Mama alimfukuza. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile aliyokufa kijana, alirudi. Akafukuzwa tena. Kwa miaka minne alikuwa akiongea naye akiwa nje ya dirisha. Mwaka wa tano mama alimwambia aingie amshikie ncha ya kitambaa wakati yeye akikata. Hawakuwa marafiki. Mama alimwambia wazi kwamba hajamsamehe, na Mzee akaona hiyo ni haki ya mama. Kila mwaka siku ya pili yake alikuwa akija kazini hana neno, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea chai mezani, kana kwamba chai inatosha.

Ni mama huyo aliyefungua mlango ambao sisi tuliugonga bure. Vyuo vilikuwa vikimfukuza mwanafunzi yeyote aliyekutwa kwenye ulevi, kwa hiyo vijana waliona bora mwenzao akorome kuliko kuita msaada na wote wafukuzwe. Mzee aliandika barua, akahudhuria vikao, akapewa chai na biskuti. Mwaka wa saba mama aliomba kwenda naye kwenye mkutano wa wakuu wa vyuo. Alisimama, akasema, "Mwanangu alilazwa chali na watu waliompenda," akakaa. Leo vyuo saba vina kanuni kwamba anayeita msaada haadhibiwi, wala anayeitiwa. Mwaka jana vijana arobaini na mmoja waliletwa zahanati wakiwa wamelazwa ubavu, na wote walirudi makwao kwa miguu yao.

Nisiwadanganye kwamba tumeshinda. Vichupa vimekuwa vidogo na rahisi zaidi, na vinauzwa mkabala na mageti ya vyuo. Mwaka jana huo huo wawili walikufa. Mzee aliwaweka wawili hao kwenye mstari wa kwanza wa taarifa yake, juu ya wale arobaini na mmoja, na mkurugenzi alipomtaka abadilishe mpangilio alisingizia kwamba kompyuta imegoma.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa yule mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona yake mara mbili siku za nyuma nikageuza. Safari hii nilibisha hodi. Nilimwambia bila kukaa: namba zile, na ile ngazi, na rangi nyekundu juu, nilizipanga mimi, na mzee anayekuja kwako kila mwaka hakuchora hata mstari.

Alisimamisha mashine. Akaweka mkono juu ya kitambaa.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemfokea mtu siye," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yeye anajua umekuja?"

"Hajui. Na nataka kuyaandika kwenye kijarida cha kumuaga."

"Andika." Akarudi kwenye mshono wake. Nilipofika mlangoni aliniita, bila kunitazama. "Tarehe ya mwanangu unaijua. Mwaka huu uje wewe."

Mama amekubali kuhudhuria hafla. Hakuniambia atamwambia nini Mzee, na sikuthubutu kuuliza. Mkurugenzi naye nimemkabidhi barua yangu ya kueleza ukweli, na nimeomba iwekwe kwenye faili la Mzee, juu ya ile ya onyo. Litakalonipata nitalipokea.

Mzee wetu, idara nzima inakushukuru, kwa vijana ambao sasa wana watoto wao na hawajui ni nani aliyewafundisha wenzao kuwageuza. Mimi nakushukuru na nakuomba radhi, vyote kwa pamoja, kwa kuchelewa kiasi hiki. Afya iwe nawe, usingizi wako uwe wa raha, na wajukuu wakubiringishe watakavyo. Ile tarehe ikifika, pumzika nyumbani kwako. Nitakwenda mimi.