Sahani ya Bi Hilda

Wanangu, tegeni masikio, pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Mahmoud, kaa hapa kitandani, na simu iweke kifuani pangu, dada yako anisikie huko kijijini kwake Uingereza. Najma, usilie, unanikatiza.

Cherehani ni ya Najma. Friji ni ya Mahmoud, na ile kamba inayofunga mlango wake ni sehemu ya urithi, usiitupe. Kubwa ni sahani.

Mwaka jana nilipokwenda kwa Najma nilikuta ajabu: mimi nimehangaika kumtoa mwanangu kwenye nyumba ya makuti kule Tanga, naye kaenda Ulaya kununua nyumba ya kuezekwa nyasi yenye miaka mia nne, ambayo serikali haimruhusu kubadili hata dirisha. Hakuna robot, taa za kuongoza magari, hakuna spaza hata moja ya kununua chumvi, basi la kwenda mjini gulioni hupita mara mbili kwa siku, na mayai ya kuuza huachwa getini bila mlinzi. Mahmoud, wewe unayelinda duka hapa Johannesburg, Marshalltown, kule ungekufa njaa.

Nikampelekea jirani yake, Bi Hilda, ajuza kama mimi, vitumbua. Sahani yangu ikarudi na jemu ya plamu. Nami nimefundwa, mla cha mwenziwe na chake huliwa, nikapeleka sambusa, akaleta keki. Nikapeleka mkate wa kumimina. Akaleta mayai ya bata. Miezi miwili, vikongwe viwili hatupumziki, mpaka Bi Hilda akamuuliza Najma kwa upole naondoka lini, maana plamu zake zimekwisha. Asubuhi ya safari akaniletea keki kwenye sahani yake mwenyewe, ya maua ya buluu, na mimi sina unga hata chembe. Nikaona haya kuirudisha tupu, nikaja nayo Johannesburg. Sahani ya watu imo kabatini, nami naenda kuulizwa.

Utaipeleka wewe, Mahmoud, kwa mkono wako. Usinitajie posta. Miaka mitatu wewe na dada yako hamsemeshani, yeye ana uchungu hukumsubiri ulipomzika baba yenu, nawe unasema maiti hangoji ndege. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nimelima mpaka mgongo umekwisha, kikapu cha kuvunia sijakiona. Nami nizikeni siku hiyo hiyo. Najma, safari hii usimlaumu kaka yako, ni amri yangu.

Arobaini ikipita, mpike vitumbua pamoja kwa Najma, chini ya paa lake la nyasi. Najma anajua kuumua unga, Mahmoud anajua kugeuza, niliwagawia makusudi. Kisha mkabishe hodi kwa Bi Hilda mkiwa wawili. Mwambieni asirudishe kitu tena... mwenziwe amemaliza.

Maji kidogo... Radhi zangu mnazo, wote wawili, Mungu asiwatenge. Sasa toa simu kifuani, Mahmoud, iweke sikioni kwako. Muulize dada yako... iliki anatia kiasi gani.