Benchi Limehamia Mkutanoni

Nyuma ya stendi ya Kasulu, kwenye kijiwe cha Nurudini muuza kahawa, habari isiyofika ujue imefia njiani. Asubuhi ile ya kiangazi, mwaka 2014, Nurudini mwenyewe hakuwa na raha. Maji ya kahawa yake hutoka chemchemi ya mlimani, na chemchemi ilibaki kudondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Kila kiangazi watu waliuchoma mlima ili majani machanga yaote, ng'ombe wapate kula. Sasa serikali ilitaka sheria ndogo ya kuzuia moto na kupanda miti, mradi wananchi waikubali mkutanoni. Mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa watu. Wa pili ulikuwa leo, saa tatu, shuleni. Ukikwama tena, mlima ungewaka, na Nurudini angebaki na birika kavu.

— Tabianchi hiyo, alisema Tharsisi fundi baiskeli, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. Blanketi la angani limetoboka. Na sisi watu wa milimani ndio tuko jirani na tundu.

— Wapi, akajibu Melkiadi, jina la kijiweni Waziri. Mvua iliondoka na wakimbizi, kambi ya Mtabila ilipofungwa. Ilishawazoea.

Ndayikeza muuza khanga, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akasonya.

— Mimi nilibaki. Mbona sinyeshi?

— Peke yako hutoshi, kaka, Redio akadakia.

— Basi ni moshi, Waziri akabadili gia. Wingu linakuja zuri tu, likiona mlima unafuka linadhani pana msiba. Linaona haya, linapitiliza hadi kule Munanila.

— Kwa hiyo sheria mnaitaka? Nurudini akauliza.

— Mia kwa mia. Serikali imechelewa hata.

— Na mkutano?

— Mwenda pole hajikwai, alisema Redio. Tupange hoja kwanza.

Wote wakatikisa vichwa kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mikutano. Nurudini akafurahi, akawajazia vikombe. Yeye angeachaje wateja? Watu wangeenda tu.

Akatokea mama mmoja mgeni, ndoo tupu mkononi, akajitambulisha kuwa ni Esteri kutoka Kasanda, amehamia kwa mwanawe.

— Mwakeye, akawasalimu kwa Kiha. Samahanini, mkutano wa mlima ni wapi?

— Shuleni pale, mama. Sisi tunauunga mkono kabisa.

— Na sasa saa ngapi?

Redio akatazama saa yake.

— Inakaribia tano.

Esteri akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa huko mkutanoni yuko nani?

Waziri akamtazama Redio. Redio akamtazama Ndayikeza. Ndayikeza akamtazama Nurudini, na Nurudini akaona aibu ya kweli.

Akainua birika na jiko lake.

— Kahawa inahamia shuleni, alisema.

Kijiwe kizima kikanyanyuka. Waziri na Ndayikeza wakabeba benchi, wengine wakafuata harufu, na njiani wakazoa hata wapiga debe wa stendi.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama kuahirisha. Alipoona benchi linaingia getini, akaketi tena.

— Wanaokubali wanyooshe mikono.

Redio alikuwa wa kwanza. Alisahau kwamba mkono ule ulikuwa na kikombe, kahawa ikamshukia kichwani, ya moto. Hakuushusha mpaka walipomaliza kuhesabu.