Makhanu wa Nyuzi Saba na Mjomba Aliyeimbwa Akiwa Hai

Elfas Makhanu Sitati, ambaye tumemleta leo nyumbani kwao Bokoli, alizaliwa hapa hapa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa Mzee Sitati na Mama Dorika. Mama yake alisimulia kwamba alikuwa mtoto wa kulia sana, na kitu pekee kilichomnyamazisha kilikuwa litungu la mjomba wake, Mzee Wabwile, mdogo wa Mama Dorika. Mjomba akishika zile nyuzi saba, mtoto hunyamaza. Mjomba akiziacha, kilio kinaanza upya. Mzee Wabwile alijikuta akiitwa kila jioni kumbembeleza mpwa wake, na alilalamika sana, lakini hakuna siku aliyokosa kufika.

Alisoma shule ya msingi hapa Bokoli kuanzia mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Mwezi wa Agosti mwaka huo alitahiriwa. Kama ilivyo desturi, siku moja kabla ya kutahiriwa alikwenda kwa mjomba wake kuvishwa ile nyama ya kifua cha ng'ombe shingoni. Mzee Wabwile alimvisha, kisha akaingia ndani akatoka na litungu lake na kumkabidhi mbele ya watu wote. Alimwambia, "Kuanzia leo mimi nimechoka kukubembeleza. Jibembeleze mwenyewe." Litungu hilo ndilo mnaloliona juu ya jeneza.

Aliendelea na masomo ya sekondari kwa miaka miwili, lakini baba yake alipofariki mwaka 1969, aliacha shule akaenda Endebess kutafuta kazi. Aliajiriwa kuendesha trekta katika shamba la mahindi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita bila kugonga hata mti mmoja. Kuhusu ua wa msimamizi wa shamba, familia haina la kusema. Mwaka 1976 alifunga ndoa na Phelista Nasambu kanisani Kanduyi. Mwenyewe alitaka kupiga litungu katika harusi yake, Mama Phelista akamwuliza ni nani basi atakayesimama karibu naye. Walikubaliana kwamba angepiga wimbo mmoja tu. Alipiga minne.

Muziki ulianza kumpa jina miaka ya themanini. Harusi, tohara, kuchangisha, matanga, kote aliitwa, kutoka Webuye hadi mitaa ya Kitale. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa akiimba watu. Akifika kwenye shughuli, alikaa kwanza jikoni na akina mama kwa saa nzima, akiuliza nani ni mtoto wa nani, nani ameoa wapi, nani alimpokea mgeni gani mwaka wa njaa. Halafu alitoka nje, na mtu ambaye hajawahi kusifiwa na yeyote maishani mwake alisikia jina lake, la baba yake na la babu yake yakiimbwa mbele ya umati. Wapo wanaume wazima waliolia kwa sababu hiyo tu, na baadhi yao wako hapa leo.

Bwana Gachanja, mwenye duka la kaseti pale Kitale, ndiye aliyeanza kumrekodi. Alibeba redio yake hadi kwenye shughuli, akaiweka kando ya miguu ya Makhanu, na baada ya wiki mbili kaseti ilikuwa dukani. Mashabiki hawakuwa Wabukusu peke yao. Bwana Kimutai wa Endebess alinunua kila kaseti iliyotoka, na alipoulizwa kama anaelewa Kibukusu, alijibu, "Maneno sijui hata moja, lakini mguu yangu inajua yote."

Sasa tufike mahali ambapo watu wamekuwa wakinong'ona tangu wiki iliyopita, tena wengine bila kunong'ona. Familia imeamua maneno haya yasomwe hadharani, na yasomwe kwa tarehe zake.

Tarehe 15 Novemba 2003, siku ya Jumamosi, Makhanu aliimba kwenye mazishi ya mjomba wake Mangeni hapa Bokoli. Wajomba zake walikuwa watano, na walikuwa wakifariki kwa utaratibu ule ule waliozaliwa nao. Alipokufa Mukhwana, alimwimba Mukhwana. Alipokufa Walubengo, akaimba Mukhwana na Walubengo. Alipokufa Kundu, akaongeza Kundu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mangeni, na Makhanu aliwaita wote kwa mfuatano, kila mmoja na sifa zake, akisema huyu amelala, na huyu amelala. Vidole vilikuwa vimeshika kasi, watu wanalia, naye amefumba macho. Alipomaliza kwa Mangeni, ulimi haukusimama. Uliendelea kwa mdogo wao kama ulivyozoea tangu utotoni kuwahesabu wote watano. Akaimba kwamba Wabwile naye amelala, na akamsifu vizuri sana.

Mzee Wabwile alikuwa ameketi benchi la mbele, kofia magotini.

Wenyeji wanajua uzito wa jambo hilo. Mwimbaji wa matanga akimtaja mtu aliye hai katikati ya wafu, huwa amemfungulia mlango. Makhanu alipofumbua macho na kuona nyuso za watu, alijua. Alipiga magoti akaomba radhi pale pale, na huenda yangeishia hapo. Lakini redio ya Bwana Gachanja ilikuwa chini pale, inazunguka, na Bwana Gachanja hakujua Kibukusu. Kufikia Krismasi kaseti ilikuwa ikichezwa Kitale, Endebess na Kanduyi.

Watu wakaanza kufika kwa Mzee Wabwile na sukari, majani ya chai na unga. Kikundi kimoja cha akina mama kutoka Kanduyi kiliingia uani kikiwa kimeshaanza kulia, kikamkuta mzee anatengeneza ua. Aliwaangalia, akaweka nyundo chini, akawaambia, "Karibuni mkae. Marehemu anawachemshia chai." Kweli aliichemsha, wakanywa, wakaondoka na unga wao.

Kwa nje alitania. Ndani aliumia sana, kwa sababu aliyemzika alikuwa mtoto aliyembembeleza kwa mkono wake. Mapema Januari 2004 alisafiri hadi Endebess, akasimama langoni kwa Makhanu, akakataa kiti, akakataa hata maji. Majirani walikuwapo, Bwana Kimutai akiwa mmoja wao. Mzee alisema, "Elfas, umeniweka kaburini mbele ya watu. Basi utaingia wewe kwanza, na mimi nitakuwa nikiona." Kisha akageuka akaenda zake. Kwetu neno la mjomba kwa mpwa ni zito, na hakuna aliyelisikia ambaye hakuogopa.

Makhanu aliliweka litungu juu ya kabati na hakuligusa kwa miezi mitatu. Yeye na Bwana Gachanja walizunguka duka kwa duka, na hata nyumba kwa nyumba, wakiomba zile kaseti ili zifutwe. Wengi walizitoa. Bwana Kimutai alikataa katakata, akisema yake haijamwua mtu yeyote maana yeye haielewi.

Siku ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 2004, aliitwa kuimba Kanduyi, na hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi ambayo mashabiki wake wote wanaijua. Kabla ya kugusa uzi wa kwanza alisimama, akavua kofia, akatangaza, "Ndugu zangu, Mzee Wabwile wa Bokoli yuko. Mimi ndiye niliyekosea." Watu walicheka. Mara ya pili, Kitale, aliwauliza, "Mzee Wabwile wa Bokoli je?" nao wakajibu, "Yuko!" Tangu hapo hakuna shughuli hata moja aliyoianza bila swali hilo. Mabibi harusi walisubiri, maaskofu walisubiri, na mbunge mmoja naye alisubiri. Watoto wa Bokoli wakawa wakimwona mzee sokoni wanaulizana na kujibizana, naye anajifanya hasikii. Lakini mwenye kibanda cha ndizi aliapa kwamba alimwona akicheka ndani ya kofia.

Kuhusu maradhi ya marehemu, familia inaomba usikivu wenu. Elfas Makhanu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari siku ya Jumanne, tarehe 18 Juni 2002, Kitale. Hiyo ni mwaka mmoja na miezi mitano kabla ya yale mazishi ya Mangeni. Aliwaficha watu kwa sababu hakutaka kupikiwa chakula cha wagonjwa kwenye harusi. Kadi yake ya kliniki iko juu ya meza, kando ya picha yake, na tarehe imeandikwa kwa mkono wa daktari. Mwenye shaka na aje aisome.

Mwaka 2005 alipata kidonda mguuni kilichochelewa kupona. Mwaka 2006 vidole vilianza kufa ganzi, na hilo ndilo lililomliza, kwa kuwa alikuwa akishika nyuzi bila kuzihisi. Aliendelea kuimba kwa mdomo huku mwanawe Derrick akimpigia litungu. Mwezi wa Februari mwaka huu figo zilidhoofika, akalazwa.

Jumapili tarehe 25 Machi, bintiye Nelima, anayeusoma wasifu huu, alikuwa akimnywesha uji wodini alipoingia Mzee Wabwile na kibuyu cha maziwa. Mzee alisimama miguuni pa kitanda, kibuyu kingali mkononi.

"Mpwa wangu," akasema, "nimekuja kuchukua maneno yangu. Nilikuwa na hasira, bana. Si unirudishie tu?"

Marehemu alimtazama, akatabasamu. "Mjomba, sukari ilinipata kabla sijakukosea. Usijipe kazi ya Mungu."

Mzee aliomba maji kwenye kikombe, akayatia mdomoni, akampulizia kifuani kama wazee wanavyobariki. Muuguzi alitaka kugomba, akaona nyuso zao, akaenda kitanda kingine. Kisha mjomba akaketi kitandani, na marehemu, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, akaomba abembelezwe. Litungu halikuwapo. Mzee Wabwile alimwimbia kwa sauti tu, akipiga mapigo kwenye chuma cha kitanda, na mgonjwa alilala.

Alipoamka, mjomba akiwa ameshaondoka, alimwambia Nelima, "Siku yangu ikifika, wasomee tarehe. Na kwa majina ya waliobaki, mjomba awe wa mwisho. Watu wangu wanajua la kufanya."

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Aprili 2007, saa kumi alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Ilikuwa miaka mitatu kamili tangu siku ile ya Kanduyi.

Mashabiki wake walikusanyika mbele ya duka la Bwana Gachanja, wakacheza kaseti zake kutwa nzima hata barabara ikafungika. Familia inawashukuru kwa mapenzi hayo. Lakini ni hapo hapo lilipoanza lile neno kwamba mjomba amemwua kwa mdomo wake, na kwamba akionekana mazishini atafukuzwa. Neno lilifika Bokoli kabla ya jeneza. Alhamisi ya wiki hii Nelima alimkuta Mzee Wabwile, babu yake, amelala ameelekea ukutani, hajala tangu juzi.

"Waache waseme, Nelima," akamwambia. "Mimi nilisema mbele ya watu."

"Basi na mimi nitasema mbele ya watu," Nelima akamjibu, na akamtafutia viatu.

Ninyi mliompenda Makhanu mlimpenda kwa sababu alimpa kila mtu jina lake kwa heshima. Alikosea jina moja tu maisha yake yote, na alitumia miaka mitatu kulirekebisha, kila shughuli, mbele ya kila umati. Msilichukue jina hilo mkalirudisha kule alikolitoa.

Marehemu ameacha mjane, Phelista Nasambu; watoto watatu, Nelima, Kevin na Derrick; wajukuu wanne; dada yake Rosaline; rafiki zake Bwana Gachanja, aliyekuja na redio yake, na Bwana Kimutai, ambaye asubuhi ya leo ameileta ile kaseti mwenyewe na kuiweka ndani ya jeneza; pamoja na mashabiki wasiohesabika wa Kitale, Bungoma na kwingineko.

Mungu aliyempa vidole vile avipumzishe sasa, na ampokee mtumishi wake kwa amani.

Amemwacha pia mjomba wake, ambaye ameketi benchi la mbele, kofia magotini. Kwa ombi la marehemu, tunawauliza ninyi mnaojua kujibu.

Mzee Wabwile wa Bokoli je?