Sema Yake Kwanza: Marlys Haverkamp Anaaga Chumba cha 12

Tarehe 16 Mei, baada ya miaka thelathini na moja katika Chuo cha Jamii cha Bonde la Sorrel, Mwalimu Marlys Haverkamp atafunga mlango wa Chumba cha 12, atarudisha ufunguo ofisini na kwenda nyumbani kupanda nyanya ambazo kila mwaka sungura huzila kabla yake. Alipoulizwa nani aandike wasifu wake wa kusomwa kwenye hafla hii ya kumuaga, alinitaja mimi, Leland Tschetter, mwalimu wa takwimu za siasa, ambaye tangu tufahamiane sijakubaliana naye hata juu ya kahawa. Waliolishangaa chaguo hilo hawajawahi kukaa darasani kwake.

Marlys alizaliwa shambani, kaskazini kidogo mwa hapa, katika nyumba ambayo baba alikuwa Mrepublikan, mama Mdemokrat, na bibi hakumpigia kura mtu yeyote kwa sababu, alivyosema, wagombea wote huja kijijini na viatu visivyojua matope. Alisomea fasihi, akaja kwetu kuwafundisha uandishi wauguzi na mafundi wa matrekta. Kisha mwalimu wetu wa siasa akahamia jiji la Omaha, na hakuna aliyetaka kuja kukaa hapa jimboni Iowa katikati ya mahindi kuchukua nafasi yake. Marlys akaombwa alishike somo hilo kwa muhula mmoja tu. Badala ya kufundisha masomo mawili, aliyachanganya yakawa moja. Ndivyo lilivyozaliwa darasa la Siasa, Sera na Riwaya, ambalo nimelipigia kelele karibu katika kila kikao cha walimu.

Kelele zangu zinajulikana, lakini nazirudia ili pasiwe na unafiki siku ya leo. Naona jedwali na hadithi havifai kuwekwa kwenye chungu kimoja. Mwanafunzi akishamlilia mjane wa riwayani, ukimletea takwimu za msaada wa chakula anakutazama kama umemtukana mjane. Marlys amenisikiliza nikiyasema haya mara nyingi, na kila mara, kabla ya kunijibu, ameyasema yeye kwa ufupi na kwa ufasaha kunishinda. Inaudhi sana.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe ya Chumba cha 12. Mbele ya darasa kuna viti viwili vinavyotazamana. Wanafunzi wawili hukaa hapo na kubishana juu ya bima ya afya, kima cha chini cha mshahara, ruzuku za wakulima au lolote linalowagawa watu kaunti hii. Wote wawili wanakuwa wamesoma riwaya moja inayomhusu mtu anayeishi chini ya sheria hiyo. Lakini hakuna ruhusa ya kumpinga mwenzako mpaka umeyasema ya kwake, na yeye mwenyewe akuitikie kwa kichwa kwamba ndiyo, hayo ndiyo anayoyaamini. Asipoitikia, unarudia. Kipindi kizima kinaweza kuisha hujaanza kupinga.

Kuna kijana wa timu ya mieleka aliyewahi kunyanyuka kitini uso umemwiva kwa hasira. "Mwalimu, mimi nishamwelewa huyu! Yeye ndiye hajielewi!"

Marlys hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake. "Basi mweleze mpaka ajielewe. Kaa chini."

Mwanafunzi mwingine, muuguzi mwenye watoto, aliihamishia kanuni hiyo nyumbani kwake, kwenye ugomvi wake na mumewe kuhusu joto la nyumba wakati wa baridi. Alituambia kuwa mpaka wanaelewana, theluji ilikuwa imeshayeyuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalisubiri. Lilianzia kwenye banda la nguruwe.

Dwayne Oltmann ni mfugaji, na wakati huo alikuwa mjumbe wa bodi ya chuo aliyechaguliwa na wananchi. Alikuwa na msimamo unaojulikana: msaada wa chakula wa serikali unawalegeza watu. Asubuhi moja alimsikia bintiye Janelle, aliyekuwa mwanafunzi wa Marlys, akiwahutubia nguruwe kwa sauti kubwa kwamba msaada huo uongezwe mara mbili. Dwayne hakuuliza kitu. Laiti angeuliza, angejua kwamba Janelle alikuwa na msimamo uleule wa baba yake, ila alikuwa anajifunza kuyasema ya mpinzani wake, na aliwachagua nguruwe kwa kuwa hawamkatizi mtu. Wiki iliyofuata Dwayne aliwasilisha hoja kwamba darasa la Siasa, Sera na Riwaya lifutwe, kwa kuwa linawageuza watoto wa watu.

Kikao kilifanyika maktaba, Februari, kukiwa na theluji ya kufunika magoti. Kama kawaida yetu, palikuwa na maharage ya nyama na pilipili pamoja na mikate ya mdalasini, maana huku watu hawafukuzani na tumbo tupu. Utaratibu nao ulikuwa ule wa siku zote: kila anayetaka kuzungumza mbele ya bodi anapewa dakika tatu. Arlene Buss, mwenyekiti, alishika saa ndogo ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai. Saa hiyo haina huruma, na Arlene naye hana.

Marlys alikuwa na dakika hizo tatu za kuliokoa darasa alilolijenga kwa mikono yake. Sote tulijua anachotakiwa kusema. Mimi mwenyewe, pamoja na kelele zangu, nilitaka ashinde, kwa sababu kulipinga darasa ni jambo moja na kuliua ni jingine. Akasimama, akafunga vifungo vya sweta, akamtazama Dwayne. Halafu akafanya lile ambalo mwalimu wa Chumba cha 12 peke yake ndiye angeweza kulifanya. Alianza na ya Dwayne.

"Bwana Oltmann amemlea binti yake afanye kazi kabla jua halijachomoza," alisema. "Anaamini kazi ndiyo inayomfanya mtu awe mtu. Anamtuma binti huyo kwetu, kwa jasho lake, halafu anamsikia akiyasema maneno yanayoidharau kazi hiyo. Anajiuliza, huko shuleni kuna nani anayemwambia mwanangu kwamba mimi ni mtu mbaya?"

Akaendelea. Alieleza jinsi mwalimu mmoja anavyoweza kulielekeza darasa zima kwa riwaya anazozichagua. Alieleza kwamba hadithi humpata msomaji mahali asipojilinda. Hilo lilikuwa langu, na alilichukua bila kuniomba. Kwa mara ya kwanza hoja ya kulifuta darasa ilisikika kuwa na akili kamili. Niliona wajumbe wawili wakiitikia kwa kichwa, nikaacha kula.

Saa ya mayai ikalia.

"Muda umekwisha, Mwalimu," alisema Arlene.

"Lakini sijafika kwangu."

"Najua, mama. Dakika tatu ni dakika tatu."

Marlys akakaa. Alikuwa ametetea kufutwa kwa darasa lake mwenyewe, na ametetea vizuri. Nilimwona akikunja mikono mapajani, uso umempauka, na nadhani ndipo alipoelewa alichokifanya.

Dwayne ndiye aliyefuata kuzungumza. Wajumbe wa bodi hawafungwi na saa. "Amesema yangu yote," alisema polepole. "Hata yale niliyoshindwa kuyasema nyumbani." Akageuka huku na huku. "Sasa ya kwake nani atayasema?"

Janelle, aliyekuwa amesimama karibu na mikate, akasema, "Baba, ni zamu yako."

"Zamu yangu kivipi?"

"Yeye keshamaliza yako. Huwezi kumpinga mpaka useme yake."

Watu walicheka, Dwayne akavua kofia yake, na mimi nilidhani atakasirika. Badala yake akamgeukia Marlys. "Haya. Wewe unataka watoto wawe wapole, wasigombane."

Na hapa, ndugu zangu, darasa likiwa linaning'inia kwenye uzi, Marlys Haverkamp alikataa. "Hapana, Dwayne. Sifundishi upole."

"Unataka wawahurumie maskini."

"Wakitaka. Siyo kazi yangu kuwalazimisha."

Nilitamani kumtupia mkate. Angeitikia tu, yangekwisha! Dwayne akajikuna kichwa, akamtazama bintiye, akarudi kwa Marlys.

"Unataka binti yangu amjue mtu anayempinga," alisema, "amjue kweli, sio yule wa kwenye redio. Halafu ampinge. Na asimwogope."

Marlys akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuelewa," alisema Dwayne. "Bado sikubaliani na wewe."

Marlys akaitikia tena, safari hii akitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Kura zikapigwa. Dwayne alipiga ya kulifuta darasa, kama alivyokuja kufanya. Waliobaki wote walipiga ya kulibakiza, maana walikuwa wamesikia pande mbili kwa namna ambayo bodi ile haikuwahi kuzisikia. Agosti iliyofuata Dwayne alijiandikisha katika darasa hilohilo, akakaa kiti cha mbele na kofia yake ya kampuni ya mbegu, na akamtesa Marlys muhula mzima kwa maswali. Yumo humu leo, na ameniomba niseme kwamba hajabadili msimamo.

Marlys ana mafanikio mengine. Alianzisha kilabu cha kusoma kwenye nyumba ya wazee. Wanafunzi wake wamekuwa walimu, madiwani na mawakili, wa pande zote mbili. Bado haamini kwamba mashine ya kunakili ni rafiki yake.

Kilichobaki ni darasa. Mkuu wa chuo alipomuuliza nani atalirithi, Marlys alinitaja mimi. Nilimfuata hadi ofisini kwake kumuuliza kama amechanganyikiwa. Alisema, "Wengine wote wanakubaliana na mimi, Leland. Watalilaza usingizi." Kuanzia Agosti Chumba cha 12 ni changu, na naogopa, sioni haya kusema.

Alinipa sharti moja: kabla sijachukua ufunguo, niseme yake. Rasimu tatu za wasifu huu alizisoma mbele yangu. Katika ya kwanza nilimwita mpole, katika ya pili mwenye huruma, katika ya tatu mpatanishi. Mara zote alinirudishia bila kuitikia, akanimiminia kahawa yake mbovu. Hii ya leo hajaiona.

Marlys, unaamini kwamba sheria ikishapitishwa huingia nyumbani kwa mtu ikakaa naye mezani, na kwamba takwimu zangu hufika mlangoni tu zikarudi. Unaamini riwaya haimlazimishi msomaji akubali chochote. Inamweka na mtu asiyempenda hadi ukurasa wa mwisho bila nafasi ya kumkatiza. Na unaamini nchi hii haiumwi kwa sababu watu wake wanabishana. Inaumwa kwa sababu kila mmoja anabishana na mtu wa kujitungia.

Bado naona darasa lilipaswa kugawanywa.

Tunakushukuru, mimi zaidi ya wote. Tunakuombea siku ndefu, marafiki wabishi na sungura wavivu. Nanyi mlioketi humu, nikimaliza kusoma msipige makofi kwanza, wala msinitazame mimi. Tazameni kichwa chake.