Kochi la Kijani

Sogeeni wanangu, na anayetaka kulia akalie uani, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubembeleza mtu. Wewe uliyekaa kwenye kochi, kaa hapo hapo, nitakufikia.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Vitabu vyangu apewe anayesoma, si anayepambia ukuta. Hayo ndiyo mepesi.

Mnajua baraza la mtaa tulilianzisha sisi, mimi na jirani yetu fundi viatu na wengine wachache, tulipochoka na madiwani wanaochomoza msimu wa kura kama kumbikumbi. Kanuni yetu ilikuwa moja: diwani akija kutueleza ahadi zake zimefika wapi, anakaa kwenye benchi lile fupi la watoto wa shule, magoti yakimgusa kidevu, nasi tunakaa vitini. Hakuna maua, hakuna soda, hakuna “mheshimiwa”. Wasomi walisema tumekosa adabu. Lakini benchi lile lilituletea bomba la maji na taa za njia ya zahanati, kwa sababu hakuna apendaye kukunjwa pale mara mbili kwa swali lile lile.

Kisha wakakuchagua wewe, mwanangu. Wakakuchagua, nasema, kana kwamba si mimi niliyepita nyumba kwa nyumba nikikusifu. Kikao chako cha kwanza nikakuona unavyohangaika na miguu yako mirefu, uchungu wa uzazi ukanipanda upya, nikaagiza kochi hili la kijani litolewe sebuleni, uletewe mbele ya watu wote. Mimi, niliyekuwa nikihubiri kwamba cheo ni dhamana. Mkuki kwa nguruwe.

Mtu akishakalishwa kwenye kochi amekuwa mgeni, na mgeni haulizwi, anakaribishwa. Fundi viatu peke yake ndiye aliyesimama: “Mwenyekiti, na kalvati la mfereji alilotuahidi kule bondeni?” Nikamjibu, “Kaa bwana, mwache mtoto apumue kwanza.” Watu wakacheka. Akakaa.

Mvua zilipokuja mfereji ulikosa pa kupitia, ukaingia kwa fundi, ukuta ukamwangukia mkewe. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wenzangu, na hakuna aliyenitupia hata neno. Ningetukanwa, pengine ningepona. Hadi leo fundi akinikuta mlangoni husema, “Umeamkaje, mwenyekiti?” bila kejeli yoyote, nami nasikia neno hilo kama kaa la moto ulimini.

Msije mkaniambia ilikuwa kazi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu. Kalvati ni la diwani, na swali nililizima mimi.

Na kalvati bado halijajengwa, wala hakuna aliyeuliza tena.

Jumamosi kuna kikao. Binti yangu, utakaa mahali pangu, na usimwonee haya kaka yako. Watakwambia damu ni nzito kuliko maji. Waambie maji ndiyo yaliyoangusha ukuta. Fundi aulize wa kwanza, asikatizwe, hata akilia, hata akirudia. Benchi lirudishwe. Kochi hili nilitaka kumpelekea yeye, nikaona nitakuwa nimemtusi mara ya pili. Basi libaki sebuleni, likaliwe na wageni wa kweli.

Nipeni maji... tone tu. Inatosha.

Mwanangu, usiiname hivyo. Sikulaumu kwa kukaa, nililileta mimi. Nilikupenda vibaya. Mungu awape nyote wawili ulimi usioogopa na masikio yasiyochoka, na watoto wenu wasiwaogope ninyi. Msamaha wa fundi... msiniombee. Hilo ni deni la... basi. Basi.

Niinueni mto. Hapo.

Sasa ondoka kwenye kochi, baba. Vuta kile kigoda cha jikoni. Kaa. Ndiyo, magoti juu, hivyo hivyo.

Binti yangu, muulize la kalvati... polepole... nasikiliza.